Mwongozo wa Kuchunguza Siasa za Brazil

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anayevutiwa na Brazil kwa kawaida huanza na marais. Ndio wanaotufikia kwenye taarifa za habari: Lula na Bolsonaro, raundi ya pili ya Oktoba 30, 2022 iliyoamuliwa kwa asilimia 50.9 dhidi ya 49.1, kisha uvamizi wa majengo ya Bunge, Ikulu na Mahakama Kuu pale Brasília Januari 8, 2023. Nakushauri uwaweke marais kando kwa muda. Kaa kwanza na Bunge, na manispaa, na kumbukumbu za kura. Huko ndiko wataalamu wa Brazil walikofanya kazi iliyobadilisha mawazo ya wasomi wengi kuhusu demokrasia ya kirais, na huko ndiko mtafiti aliye Dodoma, Eldoret au Bukavu anakoweza kupata data ya kutosha bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipa hata senti.

Ninaandika kwa anayetaka kufanya utafiti wenyewe, uwe wa insha ya shahada ya kwanza, tasnifu ya uzamili au makala ya jarida. Nina msimamo mmoja nitakaoushikilia kote: Brazil imehukumiwa mara nyingi na watu waliosoma kanuni zake bila kuhesabu kura zake. Wewe hesabu kwanza.

Ya kujua kabla ya kushika kalamu

Katiba inayotumika ilitangazwa Oktoba 5, 1988, miaka mitatu baada ya kuondoka kwa wanajeshi walioshika dola tangu 1964. Inaunda shirikisho lenye majimbo 26 na Wilaya ya Shirikisho, na ndani yake manispaa zaidi ya 5,500, kila moja ikiwa na meya na baraza la kuchaguliwa. Bunge lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 513 wanaochaguliwa kila miaka minne. Seneti ina maseneta 81, watatu kwa kila jimbo na watatu wa Wilaya ya Shirikisho, kwa vipindi vya miaka minane. Rais hukaa miaka minne, na tangu marekebisho ya 1997 anaweza kuchaguliwa tena mara moja mfululizo. Kupiga kura ni lazima kwa raia wa miaka 18 hadi 70. Ni hiari kwa vijana wa miaka 16 na 17, kwa waliozidi 70 na kwa wasiojua kusoma na kuandika.

Hayo utayakuta popote. Kanuni mbili zinastahili muda wako zaidi, kwa sababu zisipoeleweka karibu kila jedwali utakalolichora litakuwa na kasoro.

Ya kwanza ni mgawanyo wa viti. Hakuna jimbo lenye wabunge chini ya 8 wala zaidi ya 70. Kwa sensa ya 2022, Roraima ilikuwa na watu kama 637,000 na ina wabunge 8. São Paulo, yenye watu zaidi ya milioni 44, ina wabunge 70. Piga hesabu: mbunge mmoja wa Roraima anawakilisha watu kama 80,000, na mwenzake wa São Paulo zaidi ya 630,000. Kwa hiyo ukisema chama fulani kina asilimia fulani ya viti, hujasema bado kina asilimia ngapi ya wapiga kura.

Ya pili ni orodha wazi. Mpiga kura humchagua mgombea mmoja au chama. Kura zote za chama zinajumlishwa, jumla hiyo ndiyo inayoamua chama kipate viti vingapi, kisha viti vinakwenda kwa wagombea wake walioongoza. Mwaka 2002 daktari wa moyo Enéas Carneiro alipata São Paulo kura zaidi ya milioni 1.5 kwa tiketi ya PRONA, chama kidogo mno. Kura hizo ziliwavuta wenzake hadi bungeni, mmoja wao akiwa na kura zisizofika 300 za jina lake mwenyewe. Tangu sheria ya 2015 mgombea lazima afikishe kwa kura zake binafsi walau asilimia 10 ya kigawanyo cha kiti, yaani idadi ya kura inayotosha kiti kimoja. Zaidi ya hapo, mpaka 2018 vyama viliweza kuungana na kuchanga kura zao kwa pamoja kwenye uchaguzi wa wabunge. Marekebisho ya Katiba ya 2017 yalifuta miungano hiyo kuanzia uchaguzi wa 2020, na 2021 ikaja sheria ya shirikisho la vyama, inayovilazimisha vilivyoungana kubaki pamoja walau miaka minne. Mtu anayelinganisha idadi ya vyama bungeni mwaka 2014 na 2022 bila kuyataja hayo atadhani wapiga kura wamebadilika, kumbe kilichobadilika kwanza ni sheria.

Mjadala wa kusoma mpaka uuelewe

Ukiwa na muda wa kusoma mjadala mmoja tu kwa kina, soma huu. Umebeba somo zima la namna ya kufanya kazi hii.

Mwaka 1988, kabla hata Katiba mpya haijakamilika, Sérgio Abranches alichapisha katika jarida la Dados makala juu ya kile alichokiita presidencialismo de coalizão, urais wa muungano. Aliona mchanganyiko usio wa kawaida: rais anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, lakini kwa sababu ya vyama vingi na shirikisho, hawezi kutawala mpaka ajenge muungano bungeni na kugawa wizara. Abranches aliuita mtanziko, na alikuwa na hofu nao. Hofu hiyo ilikua. Mwaka 1990 Juan Linz alionya kwamba mfumo wa kirais kwa jumla unahatarisha demokrasia changa. Mwaka 1993 Scott Mainwaring akaongeza kwamba urais pamoja na vyama vingi ni ndoa ngumu, na 2001 Barry Ames akaandika kitabu kizima kuhusu Bunge la Brazil lililokwama, ambamo kila mbunge anavutia kwake na rais ananunua kura moja moja.

Hoja zilikuwa na nguvu. Fikiria: tangu 1989 hakuna rais wa Brazil aliyechaguliwa ambaye chama chake kilishinda hata moja ya tano ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Nani angetegemea serikali ya namna hiyo ipitishe chochote?

Wakaja Argelina Figueiredo na Fernando Limongi. Walichofanya ni kazi ya subira: walikusanya miswada, nani aliipeleka, ilichukua muda gani na ikaishia wapi, pamoja na kura zilizopigwa kwa majina bungeni tangu 1989. Kitabu chao cha 1999, Executivo e Legislativo na Nova Ordem Constitucional, kilionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya sheria zilizopita zilitoka serikalini, na kwamba takriban wabunge tisa kati ya kumi walipiga kura sawa na kiongozi wa chama chao. Wabunge wale wale waliosemekana hawana nidhamu walikuwa wanatabirika.

Maelezo yao hayakutegemea tabia ya Wabrazil wala haiba ya rais. Yalitokana na madaraka yaliyoandikwa. Katiba ya 1988 ilimpa rais haki ya kipekee ya kuanzisha bajeti, amri za muda zenye nguvu ya sheria mara tu zinapotolewa, na uwezo wa kuomba mswada ushughulikiwe kwa dharura. Kanuni za Bunge nazo ziliwapa viongozi wa vyama mamlaka ya kupanga ajenda. Mbunge wa kawaida aliyetaka kitu kwa ajili ya watu wake alilazimika kupitia kwa kiongozi wa chama, na kiongozi wa chama alipatana na serikali.

Angalia kilichotokea hapo. Watu wawili walihesabu kura, na nadharia iliyokuwa inafundishwa katika vyuo vikubwa ikalazimika kurekebishwa. Ndiyo maana nasema usianze na hukumu.

Lakini usiishie mwaka 1999. Naona wanafunzi wengi wanaigeuza kazi ya Figueiredo na Limongi kuwa msahafu, na hilo linaidhulumu kazi yenyewe, kwa sababu vyombo walivyovieleza vimepunguzwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 2001 Marekebisho ya 32 yaliwekea mipaka amri za muda: siku 60, na kurefushwa mara moja tu. Mwaka 2015 Marekebisho ya 86 yaliifanya serikali ilazimike kutekeleza fedha za miradi anazopendekeza kila mbunge kwenye bajeti, fedha ambazo zamani rais aliweza kuzishikilia mpaka mbunge apige kura inayotakiwa. Mwaka 2019 Marekebisho ya 100 yakaongeza zile zinazopendekezwa na wabunge wa jimbo zima kwa pamoja. Wakati wa Bolsonaro yalistawi pia mafungu yaliyopitia kwa mtayarishaji wa bajeti bungeni bila majina ya waombaji kuwa wazi, yaliyojulikana kama bajeti ya siri, mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoyatangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2022.

Kwa hiyo swali lililo mezani leo ni hili: rais aliyepoteza rungu la bajeti anajengaje muungano? Ni swali kubwa, data yake ipo, na majibu bado yanabishaniwa. Kama unatafuta mada ya tasnifu, ningekuelekeza hapa kabla ya pengine popote.

Data: ziko wapi, na zina mitego gani

Mahakama ya Juu ya Uchaguzi, TSE, ndiyo inayoendesha uchaguzi wote nchini, na hazina yake ya data ni ya kupigiwa mfano. Unaweza kupakua matokeo ya kila mgombea hadi ngazi ya kituo cha kupigia kura, mali walizotangaza wagombea, waliowachangia, elimu na kazi zao, na tangu 2014 rangi au kabila lao kama walivyojitaja wenyewe. Mwaka 2022 waliojiandikisha kupiga kura walizidi milioni 156, kwa hiyo faili za ngazi ya kituo ni kubwa. Usizifungue kwa programu ya kawaida ya majedwali. Tumia R au Python, chukua jimbo moja kwanza, na uanze na dogo kama Acre au Sergipe.

Utakutana na vikwazo vinavyokera. Safu za faili hutenganishwa kwa nuktamkato, na herufi zimehifadhiwa kwa mfumo wa Latin-1. Usipoiambia programu hivyo, São Paulo itageuka alama zisizosomeka. Namba za kumi hutumia koma badala ya nukta. Kigumu zaidi ni kwamba TSE ina namba zake za manispaa, tofauti na zile za IBGE, taasisi ya takwimu inayosimamia sensa. Usiunganishe kwa majina, kwa sababu yapo majina ya manispaa yanayojirudia katika majimbo tofauti na mengine yana tahajia mbili. Tafuta jedwali la ulinganifu wa namba. Watafiti wa Brazil wamelitengeneza na kuliweka wazi, na mradi wa Base dos Dados umeunganisha mengi ya haya tayari.

Baraza la Wawakilishi na Seneti nazo zina kurasa za data wazi zenye miswada, hotuba, kamati na kura za majina. Hapa nakuomba uwe mwangalifu mara mbili. Mambo mengi hupita kwa kura ya ishara, yaani mwenyekiti anauliza, wanaokubali wanabaki walivyo, na hakuna jina linaloandikwa. Kura za majina ni sehemu tu ya yaliyoamuliwa, na mara nyingi ni ile yenye ubishi. Halafu kuna utoro. Chama kinapotangaza kuzuia shughuli, wabunge wake hawajihesabu kuwa wamehudhuria ili akidi isitimie. Mbunge wa namna hiyo ametii chama chake kikamilifu. Ukimwandika kama mtoro, kipimo chako cha nidhamu kitakuwa kimegeuzwa juu chini.

Usichokipata kikiwa wazi, kiombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 12.527 ya Novemba 18, 2011, inampa mtu yeyote haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma bila kueleza sababu. Taasisi ina siku 20 za kujibu na inaweza kuongeza 10. Andika ombi fupi, la jambo moja, kwa Kireno sahihi. Maombi marefu yenye maswali saba hupata majibu ya jumla jumla. Kwa maoni ya wapiga kura, kuna uchunguzi unaoitwa ESEB unaofanywa tangu 2002 kupitia kituo cha CESOP cha Chuo Kikuu cha Campinas.

Kazi mbili zilizotumia vizuri data za wazi kama hizi zinafaa kusomwa mpaka hatua ya mwisho. Ya kwanza ni ya Thomas Fujiwara, ya mwaka 2015. Kabla ya mashine za kura, mpiga kura wa Brazil alitakiwa aandike jina au namba ya mgombea ubunge kwenye karatasi. Wasioweza kusoma walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura 1985, lakini karatasi iliwanyang'anya: kura zao ziliharibika kwa wingi. Mwaka 1998 mashine zilipelekwa kwenye manispaa zenye wapiga kura zaidi ya 40,500, na nyingi ya zilizobaki zikaendelea na karatasi. Fujiwara alilinganisha manispaa zilizo juu kidogo na chini kidogo ya mstari huo. Penye mashine, kura halali ziliongezeka kwa zaidi ya pointi kumi za asilimia. Kisha akafuatilia majimbo kadiri mashine zilivyoenea, akakuta matumizi ya afya yanayowafaa maskini yamepanda, kina mama wenye elimu ndogo wanahudhuria kliniki ya wajawazito zaidi, na watoto wao wanaozaliwa na uzito pungufu wamepungua. Kila ninapoirudia kazi hii naguswa. Mstari wa kiutawala uliowekwa kwa sababu mashine hazikutosha umetuonyesha kwamba kura ya mtu asiyejua kusoma, ikihesabiwa, inafika mpaka wodi ya wazazi.

Ya pili ni ya Claudio Ferraz na Frederico Finan, ya 2008. Kuanzia 2003 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, CGU, ilichagua kwa bahati nasibu ya hadharani manispaa za kukaguliwa, na ripoti zikachapishwa. Ferraz na Finan waliuliza swali lepesi kulisema na gumu kulijibu: je, meya aliyebainika kula fedha aliadhibiwa kwenye uchaguzi wa 2004? Kwa kuwa bahati nasibu iliwafikisha wakaguzi kwenye baadhi ya manispaa kabla ya uchaguzi na nyingine baada yake, ulinganisho ulikuwa wa haki. Jibu ni ndiyo, na adhabu ilikuwa kali zaidi palipokuwa na redio ya mtaani. Nani katika nchi zetu hana la kujifunza hapo?

Kireno na maktaba

Huwezi kufanya kazi hii kwa Kiingereza peke yake. Hilo lisikutishe. Kireno cha kusoma makala za taaluma hupatikana kwa miezi michache ya bidii, hasa kwa anayejua Kifaransa, na wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda wana faida kubwa hapa. Kireno cha kufanyia mahojiano kinahitaji muda mrefu zaidi, pamoja na kuwasikiliza Wabrazil wenyewe, maana matamshi yao yanatofautiana na ya Maputo au Lisbon.

Habari njema ni kwamba majarida karibu yote muhimu ni ya bure. Mtandao wa SciELO, uliozaliwa São Paulo mwishoni mwa miaka ya 1990, unakupa Dados iliyoanza 1966, Opinião Pública, Revista Brasileira de Ciências Sociais, Lua Nova na Revista de Sociologia e Política. Brazilian Political Science Review huchapishwa kwa Kiingereza na inafaa kwa kuanzia. Tasnifu za uzamili na uzamivu zimo kwenye maktaba ya kidijitali ya kitaifa, BDTD. Nazipenda kuliko makala, kwa sababu mwanafunzi anaeleza kwa kirefu alivyokusanya data, jambo ambalo jarida humlazimisha alikate.

Soma pia vitabu vya zamani. Kitabu cha Victor Nunes Leal, Coronelismo, enxada e voto, cha mwishoni mwa miaka ya 1940, kinaeleza mapatano kati ya mabwana wa mashamba waliodhibiti kura vijijini na serikali za majimbo zilizowahitaji. Wengi hukitaja kama ushahidi wa nguvu za mabwana hao. Ukikisoma chenyewe utaona Leal anasema kinyume chake: mapatano yale yalitokana na kudhoofika kwao. Raymundo Faoro na Os Donos do Poder cha 1958, na José Murilo de Carvalho na Cidadania no Brasil cha 2001, watakupa historia. André Singer, katika Os Sentidos do Lulismo cha 2012, anaeleza jinsi maskini wa kaskazini-mashariki walivyohamia kwa Lula mwaka 2006. Baada ya hapo Jairo Nicolau, katika O Brasil dobrou à direita cha 2020, anapita kundi kwa kundi akionyesha nani alimpa Bolsonaro ushindi wa 2018.

Nyaraka za miaka ya kijeshi

Anayechunguza 1964 hadi 1985 ana bahati ambayo wachunguzi wa udikteta kwingine hawanayo. Wanasheria waliowatetea wafungwa wa kisiasa waliruhusiwa kuazima faili za kesi kutoka Mahakama Kuu ya Kijeshi. Wakisaidiwa na Kardinali Paulo Evaristo Arns na mchungaji wa Kipresbiteri Jaime Wright, walizinakili kwa siri, zaidi ya kesi 700 na kurasa zinazokaribia milioni moja, zenye ushuhuda wa mateso uliotolewa mbele ya mahakimu wenyewe. Muhtasari ulitoka 1985 kwa jina Brasil: Nunca Mais, na sasa faili zote zinasomeka mtandaoni. Ziunganishe na ripoti ya Tume ya Taifa ya Ukweli ya Desemba 10, 2014, iliyothibitisha watu 434 waliouawa au kupotezwa. Kwa wasifu wa wanasiasa, kituo cha CPDOC cha Rio de Janeiro, kilichoanzishwa 1973, kina kamusi ya wasifu na mahojiano mengi. Magazeti ya zamani yamo kwenye Hemeroteca Digital ya Maktaba ya Taifa, na unaweza kutafuta kwa neno.

Faili za kesi hizo zisome kwa heshima. Watu waliotajwa humo wana watoto walio hai.

Wasiohesabiwa

Taaluma hii ilikulia Rio, São Paulo na Belo Horizonte, na kwa muda mrefu iliiona nchi kutokea huko. Tafuta kwa makusudi kazi za Recife, Belém, Salvador na Curitiba. Tafuta pia maswali ya rangi, ambayo kwa miongo mingi wasomi wa vyama na Bunge waliyapita kimya katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hujitaja kuwa weusi au machotara. Sauti zilikuwepo. Abdias do Nascimento, aliyekuja kuwa mbunge na kisha seneta, alihudhuria Kongamano la Sita la Pan-Afrika pale Dar es Salaam mwaka 1974, na 1978 akachapisha O Genocídio do Negro Brasileiro. Lélia Gonzalez aliandika juu ya rangi na jinsia kwa pamoja mapema sana. Leo Luiz Augusto Campos na wenzake wa IESP, Rio, wanatumia data za TSE kupima ni wapi hasa mgombea mweusi anakwamishwa: kwenye uteuzi, kwenye fedha au kwenye sanduku.

Kwa mtafiti wa kwetu, suala la wanawake lina ulinganisho wa moja kwa moja. Sheria ya 1997, iliyokazwa 2009, inataka walau asilimia 30 ya wagombea wa kila chama wawe wa jinsia yenye wachache. Mwaka 2022 walichaguliwa wanawake 91 kati ya 513, chini ya asilimia 18. Rwanda imetenga viti 24 kati ya 80, na tangu 2008 wanawake ni zaidi ya nusu ya Baraza la Wawakilishi. Tanzania ina viti maalumu, Kenya ina wawakilishi wanawake 47 wa kaunti. Kwa nini Brazil inapata kidogo hivyo? Orodha wazi ni sehemu ya jibu, maana kumweka mwanamke kwenye orodha si kumpa nafasi ndani yake. Fedha ni sehemu nyingine: mwaka 2018 mahakama ziliamuru walau asilimia 30 ya fedha za umma za kampeni ziende kwa wagombea wanawake, na vyama vingine vikajibu kwa kusimamisha wagombea wa kughushi. Data za kupima hayo yote ziko wazi. Usilinganishe tu asilimia za mwisho, linganisha njia zilizozaa asilimia hizo.

Ukienda mwenyewe

Vyuo vikuu vya umma vya Brazil havitozi ada, hata kwa shahada za juu, kwa sababu Katiba inasema elimu ya umma ni bure. Uulize ubalozi wa Brazil ulioko Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa kuhusu mpango wa PEC-PG kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi zenye mapatano na Brazil, na ujiandae kwa mtihani wa Kireno uitwao Celpe-Bras.

Mahojiano ya kitaaluma yanaongozwa na Azimio namba 510 la 2016 la Baraza la Taifa la Afya, linalotaka kamati ya maadili iidhinishe kazi yako. Utafiti unaotumia data za umma pekee hauhitaji kusajiliwa huko, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na kumbukumbu. Ukitaka wabunge, panga kuwa Brasília Jumanne hadi Alhamisi. Baada ya hapo wengi wanarudi majimboni. Epuka likizo za Bunge, Julai 18 hadi 31 na Desemba 23 hadi Februari 1, na usitegemee kumpata mtu yeyote wiki za kampeni kila mwaka wa uchaguzi. Mbunge atakupa dakika chache, lakini washauri wake na watumishi wa kudumu wa kamati watakupa saa nzima, na mara nyingi wanajua mengi zaidi juu ya safari ya mswada.

Ukimaliza, weka data na hatua zako za uchambuzi wazi kama Wabrazil walivyokuwekea zao. Andika muhtasari wa Kireno, umtumie kila mtaalamu uliyembishia hoja, na usubiri majibu yake kabla ya kuchapisha. Kisha andika makala nzima kwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili anahitaji kuijua demokrasia ya watu zaidi ya milioni 200 kutoka kwa mtu aliyeichunguza mwenyewe.